Chemshabongo ya Dakika Tano

Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa akitunga chemshabongo ya gazeti. Akikuandikia "Mbuzi asiyekula majani", wewe unahangaika machungani, kumbe mbuzi yuko jikoni anakuna nazi. Bwana Kitwana, tajiri wa mabasi, akamvamia mhariri.

"Mambo ya kitoto haya! Kazi hii mpe mpwa wangu."

"Ukiijaza chemshabongo ya kesho, majibu yote ishirini bila kosa," mhariri akanywea, "Bi Mwanatumu ataondoka."

"Basi nikafunge virago, baba," Bi Mwanatumu akasema kutoka mezani pake kwa adabu zote. Akamkabidhi mchapaji, shemeji wa Kitwana, vidokezo pamoja na majibu, kama ilivyo desturi.

Asubuhi Kitwana akaingia akipepea gazeti lililojazwa kwa wino. Mhariri akakagua. Yote ishirini sahihi!

"Dakika tano tu!"

"Mashallah! Kichwa hicho kikatiwe bima," akasema Bi Mwanatumu. "Hebu tusomee kidokezo cha ishirini, nasi tujifunze."

Kitwana akaligeuza gazeti, akaligeuza tena. Vidokezo viliishia kumi na tisa.

"Usijichoshe, baba. Cha ishirini sijakitunga bado. Shemeji yako nilimpa jibu lake tu."