Kimondo Alichokiona Kakakuona

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa, maana ngano hii husimuliwa kwa sauti ya chini.

Hapo zamani za kale alikuwako Kakakuona. Mumewe alikufa kiangazi, moto wa nyika ulipopita. Akabaki yeye na shimo lake. Akiamka, peke yake. Akila mchwa, peke yake. Akilala, peke yake.

Jioni moja jua limezama, mbingu bado ina wekundu, Kakakuona akatoka kutafuta chakula. Mara, shwaaa! Kimondo kikapasua anga. Kikang'aa hata nyasi zikatoa vivuli. Kikaenda, kikaenda, mwishoni kikawa kijani kama jani changa. Kisha nduuu, mbali, nyuma ya vilima. Kikazimika.

Kakakuona akageukia upande aliozoea kusimama mumewe. "Umeona?" akauliza.

Nyasi tupu. Hapo upweke ukamwingia zaidi kuliko siku ya msiba.

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri akasema yeye hajaona kitu, na watoto wanataka kulala. Akaenda kwa Tumbili. Tumbili akacheka huko juu mtini, akasema mjane huyu sasa anaota macho wazi. Kakakuona hakubishana. Akashika njia, kwaru, kwaru, magamba yakisuguana.

Penye kichuguu akamkuta Nyegere, yule mkali anayekimbiwa na wanyama wote. Ameketi, anatazama vilima. Kakakuona akajikunja duara kwa hofu.

"Usiogope, mama," Nyegere akasema. "Natafuta wa kumwuliza tu. Ule mwanga, mwishoni ulikuwa wa kijani, au ni macho yangu?"

Kakakuona akajikunjua polepole. "Ulikuwa wa kijani," akasema. "Hata mimi nimeuona."

Nyegere akashusha pumzi. Akasema kila aliyetaka kumwuliza jioni ile alitimua mbio kabla yeye hajafungua kinywa.

Wakakaa, huyu huku, yule kule. Kakakuona akamsimulia habari za mumewe na za ule moto. Nyegere akasikiliza, hakumkatiza. Giza lilipokolea, kila mmoja akaenda zake. Shimo la Kakakuona lilikuwa tupu kama jana.

Lakini kesho yake alitoka mapema, akaelekea kichuguuni. Nyegere alikwisha kufika.

Basi mwenzako akija kukueleza alichokiona, msikilize kwanza. Huenda hana mwingine wa kumweleza.

Ngano yangu inakomea hapa, penye kichuguu.