Kamongo na Kikao cha Kilimani

Wewe uliyekaa karibu na mlango, hebu niambie: umewahi kuambiwa kwamba ulikubali jambo, na siku hiyo ulikuwa zako shambani, hujui hata kama kuna kikao?

Umewahi. Usinune, hauko peke yako.

Niseme, ninyamaze?
— Sema!
Niseme nusu, niseme yote?
— Yote!

Basi tulieni, na anayetafuna atafune kimya.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado na katiba, palikuwa na ziwa. Ziwa lilikuwa na wilaya yake, na wilaya ilikuwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Katibu alikuwa Korongo, maana ana mdomo mrefu kama kalamu. Na alikuwepo Kenge, ambaye cheo chake hakijulikani mpaka leo, ila kila kikao yupo, na kila kikao anaunga mkono. Mnawajua watu wa namna hiyo. Msinitajie majina.

Sheria ya ziwa ilisema hivi: jambo lipite vikao vitatu, na kila kikao wakazi wapige makofi. Sheria safi, on paper. Shida ilikuwa mahali. Kiboko aliitisha vikao vyote juu ya kilima, saa saba mchana, katikati ya kiangazi. Public participation, wanaita. Samaki atapandaje kilima? Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Sasa, huko ghubani, ndani ya mafunjo, aliishi Kamongo. Mkewe alitaga akaenda zake, ndivyo walivyo, na Kamongo akabaki kulinda mayai, ndivyo walivyo pia. Siku moja Korongo akaja akinyanyua miguu majini kama anayeogopa kuchafuka.

"Bwana Kamongo, anza kufungasha. Mafunjo haya yanafyekwa. Mwenyekiti anatengenezewa uwanja wa kuota jua."

"Nani kasema?"

"Nyinyi wenyewe. Kikao cha kwanza mlikubali. Bado viwili."

"Sisi? Alipiga makofi nani?"

"Imeandikwa mlipiga," akasema Korongo, akaenda zake.

Kamongo akageuka akatazama mayai yake. Mayai hayafungashwi. Yalikuwa bado laini, na siku za kuanguliwa zilikuwa mbali.

Lakini sikilizeni. Kamongo si samaki wa hivi hivi. Ana mapafu. Anavuta hewa kama mimi na wewe, na ziwa likikauka anajizika topeni, anatulia humo mpaka mvua. Akamwendea jirani yake, Mama Perege.

"Mama Perege, twende kilimani tukaseme."

Mama Perege akatikisa kichwa. Si kiburi, jamani. Perege hulea watoto mdomoni, na siku hizo mdomo wake ulikuwa umejaa hadi mashavuni. Akitoa neno, anatoa na mtoto.

"Basi nilindie mayai."

Akaitikia kwa pezi.

Kikao cha pili, Kamongo akapanda. Akatambaa, akatambaa, akatambaa. Alifika ngozi imepasuka kama chungu kibovu. Akamkuta Kiboko amelala kwenye tope alilochimbiwa palepale kilimani, na vyura wamelibebea maji tangu alfajiri. Yaani maji yalipanda kilima. Wenye maji ndio hawakuletwa.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Utasema kwenye mengineyo."

Akangoja, jua likimla.

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Mzee, nimesema mengineyo!"

Akangoja tena.

"Mwenyekiti, naomba..."

"Muda umetutupa mkono. Tufunge kwa sala."

Kenge akapiga makofi. Vyura na ndege nao wakapiga, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeelewa. Kikao cha pili hicho, kikapita.

Kamongo akateremka akibiringika. Angekuwa samaki mwingine, tungekuwa tunasimulia matanga.

Kikao cha tatu hakungoja kuitwa. Alfajiri, kabla hata ya vyura na ndoo zao, akapanda. Akaingia kwenye lile tope la Mwenyekiti, akajizika, akabakiza tundu la kuvutia hewa. Jua lilipopanda, Kiboko akaja akajitupa juu yake. Mama yangu! Uzito wote wa serikali mgongoni. Kamongo akauma meno, akatega sikio.

Wakaja Korongo na Kenge. Kumbe kuna kikao cha kabla ya kikao!

"Soma," akasema Kiboko.

Korongo akasoma: "Muhtasari wa kikao cha leo. Mwenyekiti alikohoa mara mbili, akafungua. Bwana Kenge alisimama, kwa niaba yetu sote, akapendekeza mafunjo yafyekwe. Wakazi walipiga makofi kwa furaha."

"Weka furaha kubwa," akasema Kiboko.

"Kubwa. Nimeweka, Mheshimiwa."

Wakazi wakafika: vyura, ndege, fisimaji. Kiboko akainuka, akavuta pumzi.

"Point of order!"

Tope likapasuka. Kamongo akachomoza mweusi tititi, macho tu ndiyo yanaonekana. Bata wawili wakaruka.

"Wewe ni nani?" akafoka Kiboko.

"Mkazi. Nataka kuwasomea wenzangu muhtasari wa kikao hiki."

"Kikao hakijaanza!"

"Muhtasari umeshaisha, boss. Wakazi, tazameni. Kwanza, Mwenyekiti atakohoa mara mbili."

Kiboko alikuwa amejikaza. Lakini kikohozi ukikizuia kinakutafuta. Kho! Kho!

Vyura wakacheka.

"Pili, Bwana Kenge atasimama aseme, kwa niaba yetu sote."

Kenge maskini alikuwa ameshasimama, mdomo wazi. "Kwa niaba..." akasema, akakaa.

Kilima kizima kikalipuka. Fisimaji walishikana mbavu.

"Na tatu," akasema Kamongo, na sasa hakuwa anacheka, "nyinyi mtapiga makofi kwa furaha kubwa. Mimi nina mayai ndani ya yale mafunjo. Pigeni, kama mnataka."

Kiboko akasema, "Makofi!" Kimya.

"Makofi, nimesema!" Kimya.

"Makofi!" Kenge akapiga moja. Lilisikika vibaya sana likiwa peke yake, akaficha mikono.

Kikongwe mmoja wa vyura akasema, "Mwenyekiti, sisi ndoo tumezibeba. Furaha hatujaiona."

"Basi, basi! Nitaitisha kikao kingine," akasema Kiboko.

"Wapi?" akauliza Kamongo.

Kiboko akatazama pembeni. Korongo akakunja karatasi. Wakazi wakateremka, Kamongo katikati yao, fisimaji wakimwagia maji njiani. Alikuta mayai yote yapo, na Mama Perege kando yake, mashavu yamevimba, hajatema hata mtoto mmoja. Mafunjo yamesimama. Lakini msinisikie vibaya: yamesimama kwa sababu kikao cha tatu kiliahirishwa. Hakijafutwa.

Ngano naitua hapa. Mwenye mabega aibebe.
— Tumeibeba!

Na nyinyi wa kamati, wenye mihuri na viti vya mbele, swali la Kamongo lingali mezani. Mtujibu. Kikao kileteni ufukweni, saa ambayo watu wametoka kazini, tangazo tulione wiki mbili kabla, na hiyo kalamu iwekeni chini mpaka tumalize kusema.