Mguu wa Bi Raihana

Kisa hiki alinipa shangazi yangu Mwanashaha, Mungu amrehemu, na yeye alikisikia kwa mama yake wakichambua mchele. Akisema, katika waja wema waliotutangulia kulikuwa na tabibu mmoja huko Yemen, jina lake Ziyad.

Basi siku moja akaitwa kwa Bi Raihana, mjane mtu mzima, kazi yake kuosha maiti za wanawake wa mji. Kidonda kimemla mguu mpaka kifundo kimekuwa cheusi. Tabibu akatazama, akajua: mguu usipokatwa, bibi anakufa.

Mwanawe, Mundhir, akamvuta tabibu uani. "Mama hataki kusikia habari ya kukatwa. Tukimsihi anageukia ukutani. Akili zimeshamtoka. Mtilie dawa ya usingizi kwenye asali, anywe, ukate. Akiamka yamekwisha."

"Nimdanganye mgonjwa?"

"Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii, nimeshakupa ruhusa!"

Na kweli, wajukuu zangu, desturi ya mji ilikuwa hiyo: ruhusa inatoka kwa mwanamume. Na mguu ndio unaoza. Lakini Ziyad alikuwa mcha Mungu. Akasema, "Mguu ule Mola hakukupa wewe, Mundhir. Kampa yeye."

Akaingia ndani, akakaa chini mkekani. "Mama, nikuambie kweli?"

"Niambie, baba. Maana humu ndani wananinong'onea kama nimeshakufa."

"Nisipokata, utakufa. Nikikata, huenda ukapona, huenda usipone. Ukikataa sikulazimishi. Nitakuja kila asubuhi nikusafishe kidonda mpaka Mola apitishe lake."

Bi Raihana machozi yakamtoka. Kisha akauliza, "Na mkishaukata, mnautupa wapi?"

Tabibu akamtazama Mundhir. Miaka yote anakata, hakuna aliyemuuliza hilo. Mundhir akajibu toka mlangoni, "Jalalani, mama. Utupwe wapi tena?"

"Jalalani! Kwa mbwa!" Bibi akajiinua kwa kiwiko. "Mimi niliyewaosha wanawake wa mji huu, hata ukucha uliong'oka nikiuzika na mwenyewe! Leo mimi nizikwe nusu, nusu nyingine iliwe na mbwa? Mnasema nina wazimu. Nani kaniuliza?"

Mundhir akaja akapiga magoti. "Hatukukuuliza, mama. Nitauosha kwa mikono yangu, niuvishe sanda, niuzike pale alipolala baba."

"Na kafuri ya kunukisha utatia? Nakujua kwa uvivu."

"Nitatia, mama."

Bibi akamgeukia tabibu. "Haya, lete asali yako, niliwasikia huko uani. Dawa uitie nikiona. Sema bismillahi, ukate."

Akapona, kwa rehema za Mola. Akarudi kuosha maiti, amekalia kigoda, na ukali wake ule ule. Na Ziyad tangu siku ile, akiitwa kwenye nyumba, hazungumzi na mtu uani. Anaanza kwa mgonjwa.

Basi nyie, anayeumwa bado ni mtu, na mdomo wake ni wake. Hata mimi siku nikilala kitandani, msije mkanijadili huku nawasikia. Niulizeni. Nitawajibu.

Haya, Zuwena, mgawie mwenzio shuka. Someni dua zenu, mlale sasa.