Giza la Mwalimu Nakiete

Giza la mwenzio usilifute. Mmemsikia shangazi yenu akimrushia maneno hayo fundi wa simu aliyemfutia picha zake, mkaniuliza yametoka wapi. Yalitoka huku huku milimani Upare, kwa mwalimu Nakiete na darubini yake.

Nakiete alitamani kitu kimoja: picha ya wingu la vumbi na gesi lililo mbali angani, karibu na nyota nyekundu ionekanayo kiangazi. Jicho tupu halilioni. Upande mmoja ni mwekundu, unawaka wenyewe. Upande wa pili ni bluu, umeazima mwanga wa nyota jirani. Usiku tisa alikaa uani na blanketi, akifuta umande kwenye kioo kwa ncha ya kanga, akiwa amewaomba majirani wazime taa za nje. Kila picha ilitoka nyeusi kama tako la sufuria ya makande. Hakujali. Alijua picha mia mbili zikirundikwa pamoja kwenye kompyuta, wingu hujitokeza.

Siku ya kumi shemeji yake, Kilave, aliichukua kamera iliyofungwa kwenye darubini bila kuuliza, akaenda kupigia picha harusi. Alirudi akicheka.

“Shemeji, nimekusafishia kadi ya kamera. Ilijaa giza tupu! Ulisahau kufungua kifuniko?”

Nakiete aliweka ungo chini. “Umefuta?”

“Zote! Hata moja ingekuwa na pua ya mtu, ningeiacha.”

“Uliniuliza, Kilave?”

“Nikuulize giza?”

Nakiete akamnyooshea kidole njia ya kutokea. “Toka uani kwangu, kabla sijasahau kwamba wewe ni shemeji yangu.”

Nyota ilikuwa imeshainamia mlima. Msimu umekwisha, mpaka mwakani. Wazee wa ukoo wakamwamuru Kilave apeleke mbuzi wa radhi. Nakiete akamrudisha mbuzi na kamba yake. “Mimi nataka usiku tisa wa Kilave,” alisema.

Mwaka ukazunguka, hasira haikupoa. Kiangazi kilipofika, Nakiete alimkalisha Kilave kwenye baridi kando ya darubini usiku tisa, bila tochi, bila sigara, bila simu. Siku ya kumi Nakiete akazirundika picha mbele yake. Wingu likajitokeza polepole, jekundu na bluu. Kilave akashika mdomo.

“Shemeji, zuri mno…”

“Usinisifu! Mwaka jana ulikuwa nalo mkononi.”

Kilave akaondoka kichwa chini. Nakiete akachukua chaki, akaandika juu ya sanduku la darubini, kila aingiaye uani asome: Giza la mwenzio usilifute.