Ngwali na Herufi Mbili Zilizobaki

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, bali zamani ile ya simu za vitufe ambazo zikianguka hazivunjiki ila huvunja vigae, palikuwa na mji uitwao Ungome, na katika mji huo palikuwa na mtu maskini jina lake Ngwali. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua, na ufukara wake ulitokana na kazi hiyo hiyo, kwani Ngwali hakujua kuandika jambo fupi. Aliwahi kuandika barua ya kuwaalika watu karamu ya akika, na walioalikwa walipomaliza kuisoma wakakuta karamu imekwisha na vyombo vimeoshwa. Hata barua yake ya posa ilikuwa na kurasa tisa. Mkwewe alikubali kwenye ukurasa wa nne, na Ngwali mwenyewe alipenda kusema, "Hakunipa binti yake kwa kunipenda, alinipa ili asifike ukurasa wa tano."

Basi huyo binti ndiye Bi Mize, mwanamke wa maneno machache, na nyumba waliyokaa ilikuwa yake, aliachiwa na mama yake. Ngwali alipoingia humo aliingia na kalamu, kidau cha wino na mkeka mmoja uliotoboka. Watoto wao watatu wote walizaliwa katika chumba cha uani. Kwa hiyo alipotania umaskini wake barazani alitania kila kitu isipokuwa nyumba ile, maana haikuwa mali yake kuitania.

Mtawala wa Ungome alikuwa Sultani Nasibu, naye alikuwa wa kwanza mjini kumiliki simu. Ikawa watu nao walipopata simu zao, wakaanza kumpelekea malalamiko marefu, na simu za wakati ule hazikubeba zaidi ya herufi mia na sitini kwa ujumbe mmoja, na simu huhesabu hata nafasi tupu. Ujumbe ukizidi hapo, hukatika vipande, na mara nyingi mkia hufika kabla ya kichwa. Siku moja Sultani akapokea kipande kisemacho, "na ndiyo maana nikamng'ata," akakaa kutwa nzima hajui nani kang'atwa. Akakasirika, akatoa amri: kila raia ana ujumbe mmoja kwa mwezi, usiozidi herufi mia na sitini, na kila ujumbe uendao kwa Sultani au utokao kwake sharti uanze na sifa zake kamili, bila kupunguzwa hata nukta. Na sifa zenyewe ni hizi:

"Sultani Nasibu, nuru ya Ungome, ngao ya wanyonge, mwana wa Badawi, wa Kombo, wa Shaha, wa Faki, wa Vuai, wa Ame, wa Sadi, kivuli cha watu, taji la nchi yetu: "

Ukizihesabu, na Ngwali alizihesabu mara tatu, utapata herufi mia na hamsini na nane. Zinabaki mbili. Waziri alilijua hilo, lakini aliona afadhali kunyamaza, maana tangu amri itoke malalamiko yalikuwa yamekoma kabisa, na Sultani akisema, "Tazama, raia wangu wameridhika."

Basi Jumatano moja askari akaja barazani kwa Ngwali, akakohoa, akasoma karatasi. "Sultani anataka kujenga mnara wa simu, kwa kuwa sasa hivi sauti haifiki, ni ujumbe tu unaopenya, tena kwa tabu. Mahali palipoinuka kuliko pote mjini ni hapa. Unaulizwa, je, umeridhia nyumba hii ivunjwe? Jibu kwa ujumbe mmoja kama ilivyoamriwa. Usipojibu, umeridhia. Kesho jua likifika utosini Fundi Pandu ataanza kazi, naye ameagizwa asimsikilize mtu yeyote ila Sultani, kwa ujumbe wake mmoja wenye sifa au kwa kinywa chake."

Askari akaenda zake. Bi Mize alikuwa mlangoni, na ungo wa mchele mapajani. Hakulia wala hakupiga kelele. Akasema tu, "Ngwali, mimi hapa sitoki," akaendelea kuchagua mawe.

Ngwali akaona aibu kubwa. Miaka yote alikuwa amejisifu kwamba hapana mtu Ungome amshindaye kwa maneno, na leo maneno yanatakiwa, naye ana nafasi ya herufi mbili. Akakaa hadi alasiri akifikiri. Mwisho akapiga goti lake akasema, "Amri imesema kila raia ana ujumbe mmoja. Haikusema ujumbe sharti uwe na neno zima ndani yake!"

Akawaita majirani. Wakaja na simu zao, wengine zimefungwa kwa mpira kifuniko kisidondoke, wakahesabiwa wakawa thelathini. Ngwali akawaambia, "Jamaa zangu, kila mmoja wenu atatia sifa zote za Sultani kama sheria inavyotaka, kisha mwishoni ataongeza herufi mbili zangu. Watu thelathini, herufi sitini. Nawaombeni, ingawa najua ni ujumbe wenu wa mwezi mzima."

Mshona viatu aitwaye Mzee Kheri akasema, "Mimi nilikuwa nimeuweka wangu nimshitaki mbuzi wa Waziri, ananilia ngozi. Lakini mbuzi yupo hata mwezi ujao. Chukua, Ngwali."

Wote wakakubali, na Ngwali akageuka kuficha macho yake. Kisha akaandika ombi. Lilipokwisha lilikuwa na herufi elfu moja na mia mbili.

Bi Mize akalitazama, akauliza, "Unao majirani mia sita?"

"Nitapunguza, mke wangu."

"Toa haya ya mwanzo, ya nyota na mwezi."

"Hizo ni salamu!"

"Toa."

Wakavutana mpaka magharibi. Bi Mize alikata kama mtu anayepara samaki, naye Ngwali akiugua kila neno lilipodondoka. Lakini mahali pamoja alikataa katakata, akasema mtu aliyelelewa haombi kabla hajaamkia, hata kama nyumba inaungua. Basi likabaki hivi: "Shikamoo Bwana. U mzima? Watoto wazima? Nyumba yetu tuachie." Herufi sitini kamili. Ishirini katika zile jumbe thelathini zilikuwa salamu tupu, na kumi ndizo zenye haja.

Alhamisi asubuhi Sultani alikuwa ameketi mbele ya sinia la vitumbua, na simu mkononi mwa karani, kwa kuwa Sultani hakusoma mwenyewe. Na ilikuwa desturi ya jumba lile kwamba sifa zinaposomwa siwa, ile pembe ya enzi, hupulizwa na watu wote husimama, hata Sultani naye, kwa heshima ya wale mababu saba. Simu ikalia. Siwa ikapulizwa, wakasimama, karani akasoma sifa mpaka mwisho, kisha akasita.

"Endelea," akasema Sultani.

"Imeandikwa 'Sh', Bwana wangu. Basi."

Wakaketi. Sultani akanyoosha mkono kwenye kitumbua, simu ikalia. Siwa, wakasimama, Badawi, Kombo, Shaha na wenzao wote, kisha "ik". Wakaketi. Simu ikalia. "Am." Ikalia tena. "Oo." Mpuliza siwa alikuwa mtu wa makamo, mashavu yakaanza kumwiva. Waziri, ambaye alikuwa na maradhi ya nyonga, akawa anasimama nusu na kuketi nusu. Vitumbua vikapoa, na hapana aliyepata hata kimoja. Karani akaanza kuziunga zile herufi ukutani kwa mkaa, na kila walipoketi wote waligeuka kutazama ukuta, maana ingawa walichoka, walitaka kujua. Ujumbe wa kumi na sita ulipoingia ukuta ulisomeka: "Shikamoo Bwana. U mzima? Watoto".

Sultani akaruka. "Watoto wamefanya nini? Watoto gani? Watoto wangu? Nani huyu anayeniua kwa herufi mbili mbili? Mleteni!"

Haikuwa kazi kumpata, kwa kuwa mjini palikuwa na mtu mmoja tu awezaye kusumbua watu namna ile. Ngwali akaletwa, akaanguka miguuni pa Sultani, na simu ya jumba ikanyamazishwa.

"Watoto wana nini?" akauliza Sultani.

"Hawana kitu, Bwana wangu. Nilikuwa naulizia tu kama ni wazima."

"Ni wazima! Na haja yako?"

"Haja bado, Bwana wangu. Tulikuwa kwenye salamu."

Akamweleza yote, nyumba, mnara, majirani thelathini, mbuzi wa Waziri na zile mia na hamsini na nane. Baadaye watu walimsifu Ngwali kwamba alipanga makusudi kumchosha Sultani kwa sifa zake mwenyewe. Yeye alijua hakupanga. Habari ya siwa wala ya kusimama hakuwa nayo, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga jumba lile. Lakini mtu akipewa akili asiyokuwa nayo hairudishi, naye akanyamaza.

Sultani akamgeukia Waziri. "Kumbe raia wangu hawakuridhika? Kumbe wamezibwa midomo, tena kwa majina ya babu zangu?" Waziri akatazama vitumbua. Sultani akaona haya, akasema, "Nyumba ile haivunjwi. Karani, mpelekee Fundi Pandu ujumbe sasa hivi, jua linapanda."

Karani akabonyeza vitufe kwa haraka, akatia sifa zote, akasimama. "Zimebaki herufi mbili, Bwana wangu. Nimwandikie nini?"

"Mwandikie aache!"

"'Aache' haienei."

"Mwandikie basi."

"'Basi' nayo ni nne."

"Futa babu mmoja!"

Karani akainua macho. "Yupi, Bwana wangu?"

Sultani akawataja mmoja mmoja kwa vidole. Badawi alikuwa baba yake mzazi. Kombo alijenga msikiti. Sadi ndiye aliyeianzisha enzi yenyewe. Vuai hakufanya lolote la maana, lakini kaburi lake lilikuwa pale pale uani, na wote walikuwa wakilitazama kupitia dirishani. Hapana aliyethubutu. Na jua halimngojei mtu.

"Mungu wangu," akasema Ngwali, na safari hii hakuwa na utani wowote ndani yake, "mke wangu yumo mlangoni. Amesema hatoki, na yule akisema neno hulisema mara moja."

Sultani akavua kilemba, akapandisha kanzu, akatoka mbio. Watu wa Ungome hawakuwahi kumwona Sultani akikimbia, hata hawakujua kama ana miguu. Alipita sokoni kiatu kimoja kimemtoka, Ngwali nyuma yake akihema, karani nyuma ya Ngwali ameshika simu juu kwa heshima ya zile sifa zilizomo, na nyuma kabisa mpuliza siwa, asiyejua kama apulize au afe. Ngwali alikuwa na maneno elfu ya kumwomba Mungu, lakini pumzi haikumpa hata moja. Njia nzima aliona ungo wa mchele tu.

Walipofika, jua lilikuwa utosini. Fundi Pandu alikuwa ameinua nyundo kubwa juu ya nguzo ya baraza, vibarua wamejipanga, na Bi Mize ameketi kizingitini anachagua mchele wake. Fundi akamwona Sultani, nyundo ikasimama hewani.

"Bwana wangu!" akasema. "Nivunje?"

Sultani alikuwa amekwisha pumzi. Akashika mbavu, akafungua kinywa mara mbili bila sauti, kisha akatoa lile lililowezekana.

"La!"

Fundi akashusha nyundo chini taratibu. Vibarua wakaketi. Ngwali akajitupa kizingitini karibu na mkewe, akaushika upindo wa kanga yake, akalia wazi mbele za watu, wala hakutafuta neno la kukipamba kilio chake.

Bi Mize akamwacha alie. Kisha akamtazama yeye, akamtazama Sultani, akamtazama karani aliyefika akiwa bado ameishika ile simu juu.

"Mume wangu," akasema, "yule askari jana alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama nimeridhia nyumba ivunjwe."

"Na wewe ulikuwa na herufi ngapi?"

"Mbili," akasema Ngwali. Kisha akalihesabu lile neno la Sultani kwa vidole vyake.

Bi Mize akamgeukia Sultani kwa adabu. "Na Bwana wangu, Fundi alipokuwa anangojea neno lako, simu yako ilibakiwa na herufi ngapi?"

Sultani akamtazama karani. Karani akaitazama simu, akaitazama tena, akaificha nyuma ya kanzu. Basi Sultani akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini kwa kiatu kimoja, naye Ngwali akacheka machozi yakiwa hayajakauka, na majirani thelathini, kila mmoja akiukumbuka ujumbe wake wa mwezi, wakacheka kwa uchungu kidogo.

"Ngwali," akasema Sultani alipopata pumzi, "wananiambia wewe ndiye mwerevu wa mji huu."

"Walikuwa wananiambia hata mimi, Bwana wangu. Niliwaamini kwa sababu sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zao."

Sultani akaamuru mnara ujengwe juu ya paa la jumba lake, sifa zake zisitiwe tena katika ujumbe wowote, na mbuzi wa Waziri afungwe. Kisha akasema anataka kumtunuku mwenye akili wa nyumba ile. Ngwali akasimama, akapangusa magoti, akatanguliza mguu. Sultani akampita, akainama mbele ya Bi Mize, akamvisha pete aliyoitoa kidoleni mwake, akamuuliza kama ana ombi jingine lolote, aliseme kwa herufi nyingi kadiri apendavyo.

Bi Mize akaitazama pete, akautazama ungo wake.

"Kaeni mle wali," akasema.