Sega la Kwanza

Bwana Magoha, mtendaji mpya wa kijiji, aliposikia kwamba sega la kwanza la asali huliwa na kinara wa warina, alikuja juu.

"Kinara ni nani hapa?"

"Mimi, Mheshimiwa," alijibu Nyamizi, mama mwembamba aliyerina asali tangu usichana wake.

"Kwa mamlaka ya nani? Una barua? Una muhuri? Kuanzia leo kinara ni mimi!"

"Na iwe hivyo," alisema Nyamizi kwa upole. "Ila andika kabisa, Mheshimiwa, kwamba mwingine yeyote haruhusiwi kugusa mzinga kabla yako. Watu wa hapa wana mikono mirefu."

Magoha aliandika, akagonga muhuri mara mbili, akaibandika barua kwenye shina la mti wenye mzinga. Kijiji kizima kilifika na mabakuli. Yeye akajiketisha kwenye kiti, akangoja kuletewa sega lake.

Nyamizi aliegemeza ngazi mtini, akamkaribisha. Huko juu nyuki walikuwa wakivuma.

"Panda wewe, mama!" alifoka Magoha, jasho likimtoka. "Si ndiyo kazi unayoijua?"

"Kujua najua, Mheshimiwa," alisema Nyamizi, akikaa chini na bakuli lake. "Mamlaka ndiyo sina."