Ukurasa Mtupu wa Kitabu cha Nane

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi bali ya majuzi tu, Pangani aliishi mwandishi aliyeitwa Bi Zuhura. Alitunga vitabu saba, na kila kimoja alikiandikia tabaruku, ukurasa wa kumtunukia mtu mmoja tu: kimoja mkunga wake, kingine fundi cherehani, na kadhalika. Kila Idi pili wasomaji wake walijaa barazani kwake. Vitabu vilipangwa mkekani, kila mtu akaweka kete moja ya bao juu ya kile akipendacho. Hapo patachimbika! Watu wazima na ndevu zao walinuniana mpaka Idi nyingine. Kitabu kilichokosa kete, Bi Zuhura alikiwekea yake. "Na huyu nimemzaa mimi," alisema.

Alipozidiwa na maradhi, alimwita binti yake Riziki, akampa kitabu cha nane, alichokiandika kwa mkono.

"Hakijaiva, mwanangu. Niahidi utakichoma."

"Nakuahidi, mama."

Bi Zuhura akafariki. Riziki akakoka moto, akauona mwandiko wa mama yake, akalia, moto ukazimika. Kesho yake akakoka tena, akalia tena, ukazimika tena. Siku ya tatu hakukoka. Alimpelekea kaka yake Mbwana kitabu kile.

Sasa, Bi Zuhura aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na mwandiko wake ulikuwa balaa. Mbwana alikaa miaka miwili akikinakili neno kwa neno, mpaka akavaa miwani. Alipofika mwisho, akakuta mwisho haupo.

Wakamwendea Bi Mwanahamisi, shoga wa marehemu tangu usichana.

"Mama mkubwa, alikusimulia kilivyoisha?"

"Alinisimulia," akasema, akausimulia mwisho wote, Mbwana akaandika.

Kitabu kikachapwa. Idi pili ilipofika, kete zote ila moja zilikiangukia. Watu walizililia kurasa za mwisho. Mchapishaji akasema, "Tunachapa mara ya pili. Ukurasa wa tabaruku u mtupu. Nipeni jina moja, kama desturi ya marehemu."

Mbwana akasema, "Langu. Bila macho yangu, zile zingekuwa karatasi za kufungia karanga."

Bi Mwanahamisi akakohoa. "Langu. Na leo niwaambie kweli, wanangu: hakunisimulia kitu. Mwisho ule niliutunga mimi, kwa jinsi nilivyomjua na kumpenda. Mliyoyalilia ni maneno yangu."



Riziki akasema, "Langu. Nilimvunjia ahadi mama yangu, na tangu siku ile silali vizuri. Mkiniandika humo, nitajua sikumkosea."

Mzee Shemboza, mwenye ile kete moja iliyokataa, akasema, "Uacheni mtupu. Mwenyewe alisema kichomwe. Mngempenda, mngemtii."

"Nilimpenda, mzee," Riziki akajibu. "Mikono ndiyo iliyonishinda."

Mchapishaji akampa Riziki kalamu. Riziki hakuweza kujiandika mwenyewe, akageuka kuwatazama watu wa baraza.

Na wewe unayetafuna kashata hapo, usijifanye hukusikia. Kuna aliyevunja ahadi, kuna aliyechosha macho, kuna aliyesema uongo kwa mapenzi, na kuna marehemu aliyetaka moto. Je, nani alistahili ukurasa ule?